Ndoto ya safari ya Lushoto inayobadilika njiani: naomba msaada wa kuielewa

Mkazi wa Tabata aliandika:

Habari za asubuhi, ndugu zangu. Naomba msaada wa kuielewa ndoto ambayo imenijia mara tatu tangu Ramadhani iishe, kila mara ikiwa na mabadiliko madogo, na kila mara ikiniamsha kabla ya adhana ya alfajiri nikiwa nimelowa jasho, ingawa ndani yake hamna jambo la kutisha.

Huanzia katika kituo cha mabasi cha Ubungo, kile cha zamani, ambacho mabasi ya mikoani yalikiacha mwaka 2021 yalipohamia Mbezi Luis. Ndani ya ndoto silioni hilo kuwa ajabu. Napanda basi la Lushoto, na kondakta ni marehemu mjomba wangu, ambaye ananikatia tiketi bila kunitazama usoni. Tunapofika mahali panapopaswa kuwa Chalinze, basi limekwisha kuwa kivuko cha Kigamboni, na abiria wamesimama na mizigo yao mikononi kama watu wanaosubiri mlango ushushwe. Ng'ambo si Kigamboni. Ni Mombo, na bahari imefika hadi chini ya milima. Kutoka hapo napanda kwa miguu zile kona zote, huku baridi ya Soni ikinipiga kifuani na viatu vikiwa vimejaa mchanga wa pwani.

Nyumbani kwa bibi nawakuta ndugu wote, walio hai na waliotangulia mbele ya haki, wameketi pamoja. Hakuna anayeshangaa kuniona wala anayeniuliza nilikuwa wapi. Shangazi anapakua makande, anahesabu sahani, na kila akihesabu inabaki moja. Nikiuliza bibi yuko wapi, wananielekeza chumba cha nyuma. Nafungua mlango nakuta chumba kingine, na baada yake kingine, mpaka mlango wa mwisho unanitoa katika chumba changu hiki cha Tabata, ambamo najiona nimelala.

Niseme pia jambo ambalo huenda linahusika. Bibi yangu alifariki usiku, miaka minne iliyopita. Nilipanda basi la kwanza asubuhi, lakini nilipata ujumbe kwamba wamekwisha kumzika nikiwa bado Korogwe. Nilifika jioni, nikalala siku mbili, nikarudi kazini. Arobaini yake sikwenda, na tangu hapo sijakanyaga tena nyumbani. Jirani yangu ameniambia kwamba kula na wafu ndotoni ni dalili mbaya. Je, kwa nini ndoto inageuka-geuka namna hii, na je, niichukulie kuwa ishara?

Muuguzi wa Zamu alijibu:

Pole, dada. Nianze na hilo la kugeuka-geuka, kwa sababu lina maelezo yanayoeleweka. Mwaka 1953, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza hatua ya usingizi ambayo macho hutembea kwa kasi chini ya kope, na watu wakiamshwa katika hatua hiyo mara nyingi husimulia ndoto zilizo wazi. Hatua hii hurudi kila baada ya dakika 90 hivi, na hurefuka kadiri kunavyokaribia kucha. Ndiyo maana ndoto yako ndefu inakujia karibu na alfajiri, na kwa kuwa unaamka ukiwa ndani yake, unaikumbuka yote.

Katika hatua hiyo, sehemu za ubongo zinazobeba hisia huwa zinafanya kazi sana, ilhali sehemu ya mbele, ile inayopima kama jambo linawezekana au haliwezekani, huwa imetulia. Basi likigeuka kivuko, hakuna wa kulizuia. Ubongo unaunganisha vitu kwa hisia zilizohifadhiwa pamoja navyo, wala haufuati ramani. Ubungo ndiko ulikopandia mabasi miaka yote ya kwenda kwa bibi akiwa hai, kwa hiyo sishangai kwamba safari ya kwake bado inaanzia huko. Kivuko nacho, kwa mtu wa Dar es Salaam, ni mahali pa kusubiri huku unaiona ng'ambo kwa macho yako.

Kwa nini inarudi, hilo nakuachia mwenyewe, kwa maana nadhani umekwisha kulijibu katika aya yako ya mwisho.

Mzee wa Temeke alijibu:

Mwanangu, nimesoma maneno yako mara mbili. Aliyosema muuguzi siyapingi, lakini yanaeleza namna ndoto inavyotembea, hayaelezi wewe ufanye nini.

Katika mafundisho ya dini yetu ndoto ni za aina tatu: iliyo bishara kutoka kwa Mwenyezi Mungu, inayotoka kwa shetani ili kumhuzunisha mja, na ile ambayo ni mazungumzo ya nafsi yenyewe. Yako naiona kuwa ya aina ya tatu, na mtu asikutie hofu kwa sahani ya makande. Tumefundishwa pia kwamba ndoto njema asimuliwe anayekupenda, na ile inayokuchukiza usiisimulie, bali uombe kinga kwa Mungu. Kwa hiyo jirani yako, kwa heshima zote, hakupaswa kuongeza uzito juu ya mzigo uliokwisha kuubeba.

Kuchelewa maziko si kosa lako. Sisi huharakisha kuzika, na aliye mbali hufika kaburi likiwa limekwisha kufukiwa. Mimi mwenyewe sikumzika baba yangu. Linalobaki mikononi mwako ni dua, sadaka kwa niaba yake, kulizuru kaburi, na kuunga udugu na walio hai. Hilo la mwisho ndilo lenye haraka. Shangazi huyo anayehesabu sahani, je, yu hai? Ulizungumza naye lini?

Binti wa Vwawa alijibu:

Mimi ni Mkristo na kwetu ni mbali zaidi, lakini nyumba yenye vyumba visivyokwisha naifahamu vizuri. Yangu huja na treni ya TAZARA inayopita kituo cha kwetu bila kusimama, nami namwona mama amesimama na kikapu. Nilipokwenda kweli, ndoto haikukoma mara moja. Ilikuja tena mara mbili, kisha ikapungua. Nakusihi usisafiri kwa sababu ya hofu ya jirani. Ukienda kwa hofu utakaa siku mbili tena na kuikimbilia barabara.

Mkazi wa Tabata alijibu:

Shikamoo mzee, na ahsanteni nyote. Shangazi yu hai, na ilikuwa imepita miezi saba bila kumpigia. Nimempigia jana baada ya magharibi. Sikumweleza ndoto, nilimuuliza tu habari za nyumba. Akaniambia kwamba chumba cha nyuma kilibomoka katika mvua za masika ya mwaka jana, ukuta wote ukaanguka upande wa migomba, na kwamba hawakunijulisha kwa sababu walijua nina kazi nyingi. Alilisema hilo bila lawama yoyote, kwa sauti ileile ya ndotoni, na ndilo lililoniliza.

Kwa hiyo chumba ninachofungua kila usiku hakipo tena, kama kisivyokuwapo kituo cha Ubungo nilichokizoea. Nimekata tiketi ya Ijumaa alfajiri kutoka Mbezi, na kazini nimeomba siku kumi. Shangazi ameniagiza ng'onda wa Feri na doti moja ya khanga, akanikumbusha nivae sweta tangu Mombo.