Tupeane uzoefu: umehitimu uhasibu, umepewa dawati, mgeni huangukia wapi?

Leja ya Busia
Majoho yamerudishwa, picha zimetundikwa sebuleni, na Julai ndiyo hii. Mwaka wa fedha wa serikali hapa Uganda umefunguliwa na vijana wanapewa madawati. Chuoni waliletewa mizania ambayo lazima isawazike. Ofisini wanaletewa boksi la risiti. Wenye kazi yao, tupeane uzoefu.

Naanza na mishahara. PAYE, yaani kodi ya mshahara, hupigwa kwenye mshahara mzima, si kwenye kinachobaki baada ya NSSF, ile akiba ya uzeeni. Chukua mtu wa shilingi 800,000 kwa mwezi. Zile 410,000 za kwanza zinabeba kodi ya 25,000. Zilizobaki 390,000 zinakatwa asilimia 30, yaani 117,000. Jumla 142,000. NSSF yake ya asilimia 5 ni 40,000, kwa hiyo anaondoka na 618,000. Mgeni hutoa ile 40,000 kwanza, ndipo anapata PAYE ya 130,000. Pungufu 12,000 kwa kichwa kimoja. Wafanyakazi arobaini wa kiwango hicho ni 480,000 kila mwezi.

Mama Vocha
Hapo umegusa penyewe. Na asilimia 10 ya NSSF ya mwajiri isimguse mfanyakazi, iko juu ya mshahara wake.

Daftari Safi
Kwangu kibaya kuliko vyote ni jioni ya tarehe 14. PAYE, VAT, kodi ya zuio (ile mnunuzi anayomkata muuzaji kwenye malipo) na NSSF, zote mwisho wake ni tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Mgeni anaona mwezi ni mrefu. Tarehe 14 mtandao wa URA, mamlaka ya mapato, umelemewa kwa sababu Kampala nzima imengoja siku hiyohiyo, bosi mwenye saini ya pili benki yuko safarini Mbarara, na ankara za manunuzi hazijatimia.

Ashike hili: kuwasilisha ritani, yaani taarifa ya kodi, si kulipa, na kulipa si kuwasilisha ritani. Ukishawasilisha, unatoa namba ya malipo, ile PRN, kisha ndiyo unayolipia benki au kwa simu. PRN ikitolewa chini ya kodi nyingine, fedha inaingia huko na deni la PAYE linabaki wazi vilevile. Wengine hulipa PRN wakalala, ritani yenyewe haijaenda. Adhabu inakuja na hawaelewi imetoka wapi.

Halafu VAT. Asilimia 18 uliyolipa kwa muuzaji huwezi kuidai kwa risiti ya kitabu kutoka Kikuubo, lile soko la Kampala, hata iwe na muhuri wa rangi tatu. Lazima iwe ankara ya EFRIS, mfumo wa URA wa ankara za kielektroniki, yenye FDN, namba ya ankara kwenye mfumo huo, tena imetolewa kwa TIN (namba ya mlipakodi) ya kampuni. Mtu wa boda anatumwa kununua wino wa printa, hatamki TIN, ankara inatoka bila jina la mnunuzi. Imekufa hiyo. Mwandikieni TIN kwenye karatasi aende nayo mfukoni.

Mimi ningepanga hivi: ankara zote mezani tarehe 5, zinazokosekana zifuatwe kabla ya tarehe 10, fedha itoke tarehe 12.

Safu ya Kushoto
Tarehe 12 ni mapema mno kwa kampuni inayosubiri wateja walipe. Wasilisha ritani mapema, malipo yasubiri tarehe 15 asubuhi.

Daftari Safi
Asubuhi ya tarehe 15 ndipo benki inapokwama, ndugu yangu.

Mkaguzi wa Mbale
Usuluhisho wa benki, yaani kulinganisha vitabu vyako na taarifa ya benki, nao umewatoa wengi machozi bila sababu. Tofauti ikigawanyika kwa 9 bila baki, tafuta tarakimu zilizopinduliwa: 4,520,000 imeandikwa 4,250,000, tofauti 270,000. Isipogawanyika, ikate nusu. Tofauti ya 640,000 mara nyingi ni 320,000 iliyokaa upande usio wake. Na mobile money msiisahau: ukitoa 2,000,000 kuna tozo ya serikali ya asilimia 0.5, yaani 10,000, mbali na ada ya mtandao wenyewe. Mgeni huandika 2,000,000 peke yake, kisha anashangaa pochi ya simu inapungua.

Safu ya Kushoto
Kwenye kodi ya zuio, muuzaji akilalamika mgawanyie ankara iwe chini ya 1,000,000. Asilimia 6 haitamgusa.

Leja ya Busia
Tafadhali usiwafundishe watoto hilo. Sheria inaangalia jumla ya malipo ya mkataba mmoja. Ankara nne za 900,000 kwa kazi moja ni 3,600,000, na kampuni iliyoteuliwa kuzuia kodi italipa yenyewe ile 216,000 isiyokatwa.

Safu ya Kushoto
Wafanyabiashara wote wa mjini wanafanya.

Mkaguzi wa Mbale
Na wote hukutwa wakati wa ukaguzi. Ankara nne, tarehe moja, namba zinafuatana. Dakika tano tu.
Jambo jingine hapo: asilimia 6 hupigwa kabla ya VAT. Ankara ya 5,900,000 yenye VAT ya 900,000 inakatwa 300,000.

Dada Hesabu
Mnabishana asilimia 6, kuna kijana alipoteza 38,000,000 kwa barua pepe moja. Muuzaji wa siku zote "ameandika" kwamba amehamisha akaunti. Nembo ni ileile, lugha ileile, kiasi ni kilekile cha ankara halisi. Kwenye anwani ya barua pepe imezidi herufi moja tu. Ilikuwa Ijumaa saa kumi, meneja anataka kuondoka, kijana akabadilisha akaunti kwenye mfumo na kulipa. Jumatatu muuzaji wa kweli akapiga simu kuuliza fedha yake. Akaunti ya mwizi ilikuwa imeshakaushwa.

Mama Vocha
Mungu wangu! Alifukuzwa?

Dada Hesabu
Alisimamishwa. Kilichommaliza ni kwamba yeye aliingiza akaunti, yeye akaandaa malipo, na nywila ya meneja ya kuidhinisha alikuwa nayo yeye.

Daftari Safi
Nywila ya mkubwa usiipokee hata akikubembeleza. Na akaunti ikibadilika, piga simu kwa namba iliyo kwenye faili la zamani, siyo iliyo kwenye barua mpya.

Kijana wa Arua
Shikamooni. Kwa cheti cha uhasibu, nisome CPA au ACCA ya Uingereza?

Safu ya Kushoto
ACCA, utafanya kazi popote.

Leja ya Busia
CPA ya ICPAU, taasisi ya wahasibu wa Uganda; kodi na sheria zake ni za hapa nyumbani. Anayetaka kusaini ukaguzi Uganda lazima awe mwanachama wa ICPAU mwenye leseni, hata kama ana ACCA. Zote huwasamehe wahitimu baadhi ya mitihani, peleka matokeo yako ya chuo uhesabiwe.

Kijana wa Arua
Asante mzee. Na kama lile kosa la PAYE limeshafanyika miezi mitatu?

Leja ya Busia
Rekebisha ritani za miezi yote mitatu, mwezi kwa mwezi, usirundike kwenye mmoja. Riba ni asilimia 2 kwa mwezi, kwa hiyo anza leo. Mwambie bosi kwa maandishi, na wafanyakazi mkubaliane nao kwanza makato yagawanywe, 12,000 kwa mwezi kwa miezi mitatu. Mtu asifungue bahasha akute 36,000 haipo.