Risasi ya tundu kwenye ncha, mbona karibu inapasuka na mbali haichanui (haifunguki ndani ya mnyama)?

Wakuu habari za jioni, naomba ushauri kwa wazoefu wa kuwinda. Niko Manyoni, nina leseni na bunduki ya .308 (kipimo cha risasi yake), risasi zangu ni hizo za tundu, za gramu 10 hivi, zinatoka mdomoni mwa bunduki na spidi kama mita 850 kwa sekunde. Msimu uliopita nilimpiga ngiri karibu sana, hata mita 30 hazifiki, risasi ikapasukia begani haikuzama, halafu swala wa mbali ikapita kama msumari, tukafuata damu mpaka jua linazama, mnyama kuteseka vile iliniuma sana jamani. Naelewa spidi ikizidi risasi inavunjika, ikipungua haifunguki. Sasa nihamie zile za shaba tupu, au nzito zaidi, au nisipige kabisa zaidi ya mita 150?