Kaliziba neno DEMO kwa kikokotoo, halafu kanizima maiki MIMI!

Mshumaa Mwekundu (mleta uzi)

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka, mkiona herufi zimerukwa mnisamehe. Hata saa moja haijapita.

Sitamtaja jina, sina haja, mnamjua wote. Yule wa miwani myeusi usiku wa manane, ndani ya chumba, taa zimezimwa. Yule anayeanza kila somo kwa "soko linaongea, mimi nasikia". Yule aliyegundua "upenyo", yaani siri ya kulishinda soko la hisa, ambao mabenki yote, maprofesa wote na kompyuta zote za dunia hazijauona, kauona yeye peke yake, na kwa huruma ya moyo wake akaamua kutugawia sisi kwa ada ya mshahara wa mwezi mzima.

Nililipa, tena mapema kabla ya tarehe ya mwisho. Wiki sita nimekesha nachora mistari kwenye chati mpaka nikifumba macho naona mishumaa, ile michoro ya bei.

Leo ndiyo lilikuwa somo kubwa, anafanya biashara mubashara mbele yetu. Watu mia mbili na ushee tumejaa. Akinunua, hisa inapanda. Akiuza, inashuka papo hapo kana kwamba ilikuwa inamsubiri. Komenti zinamiminika, moto, mioyo, "mwalimu wewe si binadamu". Mimi macho yakanipeleka kona ya juu kulia, pale panapokaa namba ya akaunti. Pameandikwa DEMO, yaani akaunti ya mazoezi, pesa za kuigiza. Herufi nne, rangi ya chungwa. DEMO.

Nikafungua maiki. Nikauliza kwa adabu zote nilizolelewa nazo: "Mwalimu, samahani, hiyo akaunti ni ya demo?"

Kimya. Halafu nikauona mshale wa mausi unaanza kutembea. Ukashuka chini kabisa ya skrini, ukafungua kikokotoo. Kile cha kompyuta, cha kujumlisha na kutoa. Akakishika, akakiburuta. Taratibu, wakuu, kama mtu anayehamisha kabati peke yake. Akakipandisha mpaka kona ya juu kulia, akakitua juu ya neno DEMO. Kikokotoo kimeandika sifuri. Hakubonyeza namba hata moja! Kimekaa pale kimeandika sifuri mpaka somo linaisha!

Alipomaliza kukituliza ndipo akasema, "Kuna wanafunzi wana roho ya umaskini, wanawaambukiza wenzao." Akanizima maiki. Mimi niliyelipa! Watu mia mbili wakacheka, mmoja akaandika "mtoeni huyo", na kweli dakika tatu baadaye nikatolewa kwenye kundi.

Sijaja kuomba ushauri. Nimekuja kusema nimedhalilishwa. Kikokotoo, jamani. Kikokotoo!

---

Nyundo

Umepigwa mkuu. Kubali, kunywa maji, lala.

---

Jongoo Wa Chati

Namjua vizuri sana, mimi ni zao la awamu yake ya kwanza. Zama zile hakuwa anarusha skrini, alikuwa anaipiga picha kwa simu halafu anatutumia, na kila picha kidole gumba kimeziba kona ileile. Kila picha! Tulikuwa tunaambizana mwalimu ana mikono mikubwa.

---

Mshumaa Mwekundu

@Jongoo Wa Chati, kumbe tangu kidole gumba?! Sasa damu ndiyo imechemka upya. Yaani mtu kaanza na kidole, kapanda cheo mpaka kikokotoo, na wakati wote huo anatuita wenye roho ya umaskini!

---

Mama Hesabu

Pole mwanangu. Lakini wiki sita umekaa darasani, kikokotoo ndicho kilichokushtua?

Demo peke yake si dhambi, kila mtu anajifunzia huko. Shida ni kwamba kwenye demo ukibonyeza nunua, unapewa bei unayoiona, muda huohuo, hisa nyingi utakavyo. Kwenye soko la kweli upande wa pili kuna mtu, naye hataki kukupa. Kuna pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza, kuna ada ya dalali, na oda kubwa inaisukuma bei kabla haijakamilika. Kuna mbinu nyingi zinazong'aa kwenye demo ambazo faida yake yote ni nyembamba kuliko hilo pengo tu.

Halafu najua alikuambieni anashinda mara 9 katika 10, maana wote husema hivyo. Ulimuuliza hiyo ya kumi inachukua kiasi gani? Akipata 1 kila anaposhinda, ana 9. Hiyo moja ikimla 12, ana hasara ya 3, huku bado anajisifu kwa asilimia 90. Mwingine anashinda mara 4 tu katika 10, kila ushindi 3, kila hasara 1. Huyo anabaki na 6 mkononi, na hana darasa, maana nani atamlipa mtu anayekosea mara sita?

Upenyo ni hicho kinachobaki baada ya kutoa hasara na gharama zote, tena kwa biashara mamia, siyo kwa picha tatu za Jumanne. Watu 1,024 wakirusha sarafu mara 10 kila mmoja, kwa wastani mmoja wao atapata kichwa mara zote kumi. Huyo ndiye atakayefungua darasa.

---

Mshumaa Mwekundu

Mama, hesabu zako nimezielewa na nakushukuru. Lakini umesoma pale alipokiburuta TARATIBU? Angekirusha kwa haraka ningesema kababaika. Huyu alikuwa ametulia! Alikiweka, akakisogeza kidogo kushoto kwa sababu herufi O ilikuwa bado inachungulia, ndipo akaanza kunitukana!

---

Nyundo

Herufi O ilikuwa inachungulia. Mkuu wewe ulikuwa unasoma au ulikuwa polisi?

---

Bundi Wa Saa Nane

Mimi nitasema ukweli hata kama mtanichukia. Huu uzi umejaa wivu. Mwanafunzi gani anamkatiza mwalimu mbele ya watu mia mbili? Ungemfuata pembeni. Na hii dhana kwamba kufanya biashara sokoni hakufundishiki ilishazikwa zamani. Mwaka 1983 kule Chicago, Richard Dennis na mwenzake William Eckhardt walibishana jambo hilohilo. Dennis akasema inafundishika, akatangaza kwenye magazeti, akachukua watu wa kawaida, akawafundisha kama wiki mbili tu, wakaenda kutengeneza mamilioni. Kanuni yenyewe mtoto anaielewa: bei ikivuka kilele cha siku 20 zilizopita unanunua, ikishuka chini ya bonde la siku 10 unatoka. Kwa hiyo mwalimu wenu huenda anacho kitu, nyie ndio hamna nidhamu.

---

Kiraka

@Bundi Wa Saa Nane, asante kwa mfano, umenirahisishia kazi. Dennis aliwatoza ada kiasi gani wale wanafunzi? HAKUWATOZA. Aliwapa akaunti zenye pesa zake mwenyewe wakafanyie biashara, na wakishinda wanagawana. Mtu anayeamini upenyo wake anakukabidhi pesa yake, hachukui yako. Na ile haikuwa hisa, ilikuwa mikataba ya kununua na kuuza baadaye kwa bei iliyokubaliwa, ya bidhaa, sarafu na hati fungani. Usituchanganyie.

Ukitaka mfano wa mwenye upenyo wa kweli, mtazame Jim Simons, mwanahisabati wa Marekani, na mfuko wake wa uwekezaji wa Medallion, mmoja wa ile iliyofanikiwa zaidi katika historia. Tangu mwaka 1993 ulifungia nje wawekezaji wapya. Sizungumzii kuuza somo, nazungumzia hata kupokea pesa za watu! Upenyo wa kweli ni kama kisima kidogo, ukiita kijiji kizima mtachota tope. Na hilo limepimwa. Mwaka 2016 watafiti McLean na Pontiff walichapisha utafiti wa viashiria 97 ambavyo wasomi walishaandika kwamba vinatabiri mwenendo wa hisa. Baada ya kila kimoja kuchapishwa, faida ilipungua kwa wastani wa asilimia 58. Sasa huyu wa miwani anawagawia watu mia mbili kila awamu, awamu tisa, na upenyo haupungui? Unaongezeka?

---

Bundi Wa Saa Nane

Kama ni ya bidhaa au ya hisa, kanuni ni kanuni. Na mimi awamu ya tano nilimaliza, sikuona kikokotoo chochote.

---

Jongoo Wa Chati

Awamu ya tano alikuwa anatumia dirisha la saa. Saa kubwa ya mshale, kona ya juu kulia. Rudi ukaangalie video zako.

---

Bundi Wa Saa Nane

Ngoja niangalie.

---

Mzee Wa Gawio

Vijana, amani iwe kwenu. Mimi nina miaka ishirini na kitu sokoni na sijawahi kuhudhuria darasa hata moja. Nanunua hisa za kampuni ninazozielewa, nakaa, gawio, yaani mgao wa faida ya kampuni, linaingia, nanunua nyingine. Watafiti Barber na Odean walichunguza akaunti za kaya zaidi ya 66,000 huko Marekani, kuanzia 1991 mpaka 1996. Soko lilipanda kwa wastani wa asilimia 17.9 kwa mwaka, wale waliokuwa wakinunua na kuuza kwa pupa kuliko wote wakapata 11.4. Waliliwa na mizunguko yao wenyewe. Mimi kinachoniudhi siyo mwalimu wenu, ni DALALI WANGU. Mwezi uliopita amenikata kitu anachokiita "ada ya akaunti isiyo na shughuli". Nisipouza ananikata! Kutulia kwangu kumekuwa kosa!

---

Kiraka

Mzee, hiyo ada hata mimi nimekatwa. Nilipopiga simu wakaniambia nifanye walau biashara moja kila robo mwaka, "ili kuiamsha akaunti". Nikanunua hisa moja kuiamsha, wakanikata ada ya kununua.

---

Mzee Wa Gawio

Kumbe tuko wengi! Fungueni uzi huo, nitakuwa wa kwanza kuandika.

---

Mshumaa Mwekundu

Wazee wangu, nawaheshimu, lakini huu uzi ni wa KIKOKOTOO. Kuna mtu amedhalilishwa hapa. Naendelea kupokea picha kutoka kwa waliobaki kundini, ameandika tangazo: "Tumeondoa nishati hasi." Nishati hasi ni mimi! Niliyesoma herufi nne kwa sauti ndiye nishati hasi!

---

Nyundo

Mshumaa, swali la haraka. Wewe mwenyewe na huo upenyo, akaunti yako ya kweli iko wapi sasa hivi?

---

Mshumaa Mwekundu

Hilo halihusiani na mada.

---

Nyundo

Imeungua.

---

Mama Hesabu

Nyundo, mwache mtoto wa watu. Akaunti kuungua, pesa ikaisha yote, ndiyo kawaida, si aibu yake. Brazil watafiti waliwafuatilia walioanza biashara ya kununua na kuuza siku hiyohiyo kati ya 2013 na 2015 kwenye mikataba ya faharasa ya hisa, yaani inayofuata kipimo cha soko zima. Waliodumu zaidi ya siku 300 za biashara, asilimia 97 walipata hasara. Hao ndio waliokomaa, sikuhesabii walioacha njiani.

---

Bundi Wa Saa Nane

Nimerudi. Nimeangalia video za awamu ya tano.

Ni saa.

Video kumi na moja, saa ipo zote, kona ya juu kulia. Na haitembei. Imesimama kwenye saa nne na dakika kumi mwanzo wa somo mpaka mwisho. Wiki sita nilikuwa naitazama ile saa. Nilichelewa kikao kwa ajili ya ile saa.

---

Jongoo Wa Chati

Pole ndugu yangu. Karibu kwenye familia.

---

Bundi Wa Saa Nane

Sitaki pole. Nataka kusema kitu kingine kabisa kinachoniuma kuliko ada. Baada ya darasa alituunganisha na rafiki yake anayeuza ROBOTI, eti inafanya biashara yenyewe ukiwa umelala. Nilinunua. Kuna mwingine humu aliyeuziwa?

---

Kiraka

Ile yenye nembo ya simba?

---

Bundi Wa Saa Nane

Hiyohiyo.

---

Kiraka

Yangu inanunua tu, haiuzi. Nimeandika malalamiko mara nne, jibu ni kwamba "bado inajifunza tabia yangu".

---

Mzee Wa Gawio

Inayonunua bila kuuza ni bora kuliko yangu niliyopewa na mkwe wangu. Ile inauza hisa siku moja kabla ya gawio kutoka.

---

Mshumaa Mwekundu

Turudi kwenye mada tafadhali. Alikiburuta kutoka CHINI ya skrini...

---

Bundi Wa Saa Nane

@Kiraka, sikiliza ya kwangu. Ijumaa, dakika mbili kabla soko halijafungwa, ikanunua kwa salio LOTE. Kampuni ikatoa taarifa mbaya mwisho wa wiki. Jumatatu soko linafunguka, bei imeruka chini moja kwa moja, kikomo cha hasara nilichoweka, yaani bei ya kuuza yenyewe ili hasara isizidi, kimerukwa kama hakikuwepo, nikauziwa kwa bei ya kwanza iliyopatikana. Nikampigia muuzaji, akaniambia roboti haikukosea, kalenda ndiyo ilikosea.

---

Jongoo Wa Chati

Mimi aliniambia ni sasisho. Wenye ya simba naomba mseme, nyie mna toleo la ngapi? Yangu tangu juzi inaandika tu "nafikiri" na haizimiki.