Nichague DAC ipi kwa amplifaya ya zamani: Topping E30 II, iFi Zen DAC au Denafrips Ares II?

Chumbageni

Ndugu zangu, salamu. Ninaomba ushauri katika jambo ambalo limenishughulisha kwa mwezi mzima. Nina amplifaya ya stirio ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 niliyorithi kwa marehemu baba pamoja na spika zake mbili za kusimama sakafuni, na vyote bado ni vizima, kwa kuwa mwaka jana fundi alibadilisha kapasita zilizokuwa zimekauka. Muziki wangu uko ndani ya kompyuta mpakato: CD nilizozihamisha bila kuzibana, na kanda za taarab alizokusanya marehemu, ambazo nimezirekodi upya moja baada ya nyingine.

Kompyuta nimeiunganisha na amplifaya kwa waya unaotoka kwenye tundu la hedifoni, na runinga nayo nimeiunganisha vivyo hivyo ili habari na mpira visikike kwenye spika kubwa. Tatizo ni kwamba nyuma ya muziki kuna mvumo wa chini usiokoma, na kila nikisogeza kipanya mezani nasikia mkwaruzo mwembamba, kama mende anayetembea juu ya karatasi.

Muuzaji mmoja ameniambia kwamba dawa yake ni DAC ya nje, yaani kifaa cha kugeuza tarakimu za muziki wa dijitali kuwa umeme wa sauti, na akanisisitizia nichukue Denafrips Ares II kwa sababu inatumia ngazi ya resista. Chipu za siku hizi, kwa maneno yake, zinajua hesabu lakini hazijui kuimba. Bei yake ni mara kadhaa ya hizo nyingine mbili. Je, tofauti hiyo ya fedha nitaisikia? Na hizi tarakimu za biti 32 na kilohezi 768 zilizoandikwa kwenye maboksi zina maana gani kwa mtu ambaye muziki wake mwingi ulitoka kwenye kaseti?

FundiRedio

Ndugu Chumbageni, pole kwa usumbufu. Kabla hujatoa fedha mfukoni, fanya majaribio mawili yasiyo na gharama. Kwanza, chomoa chaja, uiache kompyuta itumie betri, kisha usikilize. Pili, rudisha chaja, halafu nenda nyuma ya king'amuzi uchomoe kebo inayotoka kwenye dishi, usikilize tena. Utuambie ulichosikia katika kila jaribio.

Sababu ya kuuliza ni kwamba dalili ulizozieleza, hasa huo mkwaruzo unaofuata kipanya, mara nyingi hazitokani na ubovu wa DAC iliyomo ndani ya kompyuta. Zinatokana na mzunguko wa ethi, ule waya wa usalama unaokwenda ardhini. Amplifaya nyingi za umri huo zina waya wa umeme wenye nyuzi mbili tu, hazina ethi, kwa hiyo zikiachwa peke yake ni kimya. Lakini kompyuta yako, kama chaja yake ina pini tatu, inashika ethi ya nyumba. Dishi nalo linashika ardhi kupitia bomba la chuma lililosimikiwa. Ukiziunganisha zote mbili na amplifaya ileile, umeujengea umeme wa hezi 50 njia ya kuzunguka, na njia hiyo inapita ndani ya waya wako wa muziki. Mkondo unaopita ni mdogo mno, ila amplifaya kazi yake ni kukuza.

Kuna jambo moja ninalokuomba usilifanye hata ukiambiwa na nani: usikate pini ya ethi kwenye plagi ya chaja. Mvumo utaisha, ni kweli, lakini siku hitilafu ikitokea ndani ya chaja, chuma cha amplifaya ndicho kitakachobeba umeme, na mkono wa kwanza kukigusa utakuwa wako au wa mtoto.

MzeeWaSanturi

Mwanangu, mimi nina miaka zaidi ya 40 katika mambo haya, na nitasema wazi kwamba ninatumia DAC ya ngazi ya resista na sina mpango wa kuiacha. Nimewahi kukaa na vifaa vya aina zote mbili sebuleni kwangu. Vile vya chipu ya kisasa vilinipa kila kitu kwa usafi, hata pumzi ya mpiga filimbi, lakini baada ya saa moja nilijikuta ninatamani kuzima. Cha ngazi ninakisikiliza mpaka usiku wa manane. Sauti za fidla na kanuni zina mwili, na waimbaji hawanichomi masikio. Sitadai kwamba ninaweza kulithibitisha jambo hili kwa kipimo.

Hata hivyo, nakushauri usimsikilize muuzaji wako kuhusu kanda za marehemu. Mimi nina nakala za santuri za Siti binti Saad, zile zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928, na nimezipitisha katika DAC zisizopungua tano. Mkwaruzo wa sindano ni uleule, na utamu ni uleule. Kifaa hakiwezi kutoa kisichoingizwa.

Hezi50

Mzee wangu, ninaheshimu masikio yako, na kwa kweli ninadhani unachokisikia kipo. Ninachotofautiana nacho ni maelezo ya muuzaji kuhusu chanzo chake.

Ngazi ya resista ni wazo rahisi na zuri: kila biti ina swichi yake, na kila swichi inaongeza sehemu yake ya volti, biti kubwa ikitoa nusu ya jumla, inayofuata robo, na kuendelea hivyo hadi ya mwisho. Ugumu uko katika usahihi. Sauti ya CD ina biti 16, yaani viwango 65,536, na ili biti ya mwisho iwe na maana, resista ya biti kubwa kabisa haitakiwi kukosea hata kwa sehemu moja katika hizo 65,536. Resista ya usahihi wa asilimia 0.01, ambayo si ya bei ya chini, inaruhusiwa kukosea kwa sehemu moja katika 10,000. Kwa biti 24, viwango vinavuka milioni 16, na hapo hakuna resista iuzwayo dukani inayofika. Ndiyo maana chipu nyingi za kisasa zinatumia njia nyingine: zinaongeza idadi ya sampuli, yaani vipimo vya sauti vya kila sekunde, mara nyingi sana, zinatumia viwango vichache vya volti vinavyobadilishwa kwa kasi, na zinaisukuma kelele nje ya masafa tunayoyasikia. Philips walielekea huko mapema kabisa: DAC ya mashine zao za kwanza za CD ilikuwa ya biti 14 tu, lakini kwa kuongeza sampuli mara nne ikafikia kazi ya biti 16.

Sasa utamu wa Mzee unatoka wapi? Ares II ina swichi ya kuzima uongezaji wa sampuli, na watumiaji wengi huizima. Ukifanya hivyo kwa muziki wenye sampuli za kilohezi 44.1, kama wa CD, hesabu ya kawaida inaonyesha kwamba masafa ya juu yanapungua: kwa desibeli 0.7 hivi kwenye kilohezi 10, na zaidi ya desibeli 3 kwenye kilohezi 20. Upungufu huo unasikika kama ulaini, hasa kwa spika zenye makali juu. Si uchawi wala si kosa kuupenda, lakini kinobu cha treble, yaani cha sauti za juu, kwenye amplifaya ya zamani kinaweza kukusogeza karibu na hapo bila malipo.

Kuhusu biti 32 na kilohezi 768, hayo ni mambo ambayo chipu inayaweza, si mahitaji ya muziki. Biti 16 zinatoa nafasi ya desibeli takriban 96 kati ya sauti kubwa na kelele. Kaseti ya kawaida isiyo na kipunguza kelele iko kwenye 50 na kitu. Mwaka 2007 watafiti Meyer na Moran walichapisha, katika jarida la Audio Engineering Society, jaribio ambalo wasikilizaji walitakiwa kutofautisha rekodi za ubora wa juu na rekodi hizohizo zilizopitishwa katika biti 16 na kilohezi 44.1. Walipatia mara 276 kati ya 554, yaani sawa na kurusha sarafu.

Usichague kwa jina la chipu pia. Kiwanda cha AKM, watengenezaji wa chipu za DAC, kilichoko Nobeoka, Japani, kiliungua mwezi wa Oktoba 2020, na watengenezaji wengi wakalazimika kuhamia chipu za kampuni ya ESS. Topping D90 yenye chipu ya AKM, kwa mfano, ilifuatiwa na D90SE yenye chipu ya ESS. Chipu ilibadilika na kazi ikaendelea, kwa sababu umeme unaoilisha chipu na mzunguko wa kutolea sauti vina uzito uleule.

Kama utapata nafasi ya kulinganisha vifaa viwili dukani au kwa rafiki, sawazisha kwanza kiwango cha sauti. Hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika, kwa sababu sikio hukiita kikubwa kuwa bora. Kifaa kinachotoa volti 4 kupitia tundu la XLR kinazidi kile cha volti 2 cha tundu la kawaida la RCA kwa desibeli 6, na duka likikupigisha kimoja baada ya kingine bila kugusa kinobu, umeshachaguliwa. Piga toni ya hezi 60, ambayo hata multimita ya bei nafuu inaipima vizuri, upime volti kwenye vituo vya spika, na urekebishe mpaka tofauti isizidi asilimia 1. Hiyo ni kama desibeli 0.1. Kisha mtu mwingine abadilishe vifaa bila wewe kuona, mara 16. Ukipatia 12 au zaidi, uwezekano wa kuwa ulibahatisha haufiki 4 katika 100. Mimi nimefanya hivi na vifaa vitatu vya bei tofauti kabisa, na nikapatia 9.

MzeeWaSanturi

Hezi50, kinobu cha treble nimekijaribu leo mchana. Kimesogea karibu, sitakataa, lakini hakijafika. DAC yangu inabaki.

Chumbageni

Mzee wa Santuri, shikamoo, na ninawashukuru nyote. Nimefanya majaribio yote mawili. Nilipochomoa chaja, mvumo ulikatika ghafla na mende naye akanyamaza. Niliporudisha chaja na kuchomoa kebo ya dishi, matokeo yakawa yaleyale: kimya. Chaja ina pini tatu kama Fundi alivyosema, na waya wa amplifaya una nyuzi mbili. Sasa ninachanganyikiwa zaidi, kwa sababu inaelekea nilikuwa karibu kununua dawa ya ugonjwa nisiokuwa nao. Je, bado ninahitaji DAC? Jambo lingine nililosahau kulisema: kinobu cha sauti ninakifungua kidogo mno, na hapo chini spika ya kushoto inasikika kuliko ya kulia.

FundiRedio

Umepata jibu sahihi kabisa. Njia ya umeme ilikuwa: ethi ya chaja, kompyuta, amplifaya, runinga, king'amuzi, dishi, ardhi. Ukikata popote, mzunguko unavunjika.

DAC unaihitaji, lakini kwa sababu tofauti na aliyokupa muuzaji. Runinga yako bila shaka ina tundu la kutolea sauti kwa mwanga, lile dogo la mraba linalowaka jekundu. Kebo ya optiki ni plastiki tupu, haipitishi umeme, kwa hiyo runinga ikiingia kwenye DAC kwa optiki na kompyuta ikiingia kwa USB, dishi halitakuwa tena na njia ya kufika kwenye amplifaya, na chaja utaiacha mahali pake.

Kwa msingi huo iFi Zen DAC inaondoka kwenye orodha yako. Ni kifaa kizuri, hasa kwa mwenye hedifoni, lakini mlango wake wa kuingizia ni USB peke yake. Runinga ingebaki kwenye waya uleule na mvumo ungebaki nao. Topping E30 II na Ares II zote mbili zina USB, koaksia na optiki.

Kuhusu kinobu, hilo nalo linaeleweka. Tundu la CD au la teprekoda kwenye amplifaya za wakati ule liliridhika na volti 0.15 au 0.2, na DAC za leo zinatoa 2. Utalazimika kukifungua kwa kiasi kidogo hata kuliko sasa, na sehemu ya chini kabisa ya kinobu ndiyo ambayo pande mbili hazilingani. E30 II inaweza kuwekwa katika hali ya kupunguza sauti kwa rimoti yake: ishushe kwa desibeli 15 hivi, kisha kinobu cha amplifaya ukipandishe hadi katikati ambako kushoto na kulia ziko sawa. Kushusha kiasi hicho hakuuharibu muziki wa biti 16, kwa sababu ndani ya chipu hesabu inafanywa kwa biti nyingi zaidi. Kwangu mimi hilo ndilo linaloamua, na tofauti ya bei ungenunulia zulia zito la kutandika mbele ya spika kama sakafu yako ni ya vigae.

Chumbageni

Ninaleta mrejesho. Nilichukua E30 II, na zulia nikaliazima kwanza chumbani. Muziki wa kompyuta unatoka bila mvumo hata chaja ikiwa imechomekwa, na kushoto na kulia sasa ziko sawa. Kanda za marehemu zina kelele zake za zamani, kama Mzee alivyotabiri. Kimebaki kitu kimoja: runinga kupitia optiki haitoi sauti yoyote. Taa nyekundu inawaka kwenye ncha ya kebo, na DAC nimeiweka kwenye optiki.

FundiRedio

Ingia kwenye mipangilio ya sauti ya runinga, utafute namna ya kutoa sauti ya dijitali. Itakuwa imewekwa Dolby au otomatiki. Iweke PCM, yaani sauti ya dijitali isiyobanwa, na ufanye hivyo hivyo kwenye king'amuzi. DAC za aina hii hazifumbui Dolby, zinasubiri PCM tu.

Chumbageni

Imekubali. Mpira unaanza saa nne.