Dogo kapata daraja la nne: tumpeleke VETA au kwa fundi wa mtaani?

Mwenye Duka Buzuruga:
Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu wa mwisho kamaliza kidato cha nne, matokeo ndiyo haya, daraja la nne pointi 29. Mama anataka tumpeleke chuo fulani cha binafsi akasomee cheti cha mambo ya forodha. Ada milioni na ushee, na nikiuliza atafanya kazi gani hapa Mwanza napewa kipeperushi. Mimi nafikiria umeme wa majumbani. VETA Nyakato, chuo cha ufundi cha serikali, ni hapa hapa, kwa mguu anafika. Ila kuna fundi mtaani, kazi zake safi, kaniambia: "Niletee dogo, ada ya nini? Miaka miwili ni fundi huyo." Aliyepita njia hizi anipe ukweli. Siasa sitaki.

Fundi Plaizi:
Mkuu, hiyo ya bure nimeipita mimi. Saidia fundi miaka minne. Mwaka wa kwanza ni kuchimba ukuta kwa tindo, kulaza kondiuti, yale mabomba ya kupitishia waya, na kumfuatia fundi chapati. Wa pili nikaanza kushika waya. Wa nne nafunga nyumba ya vyumba vitatu peke yangu, fundi anatokea jioni kuchukua hela.

Nikaitwa saiti kubwa, ghorofa. Getini wakataka cheti, sina. Nikaingia kama kibarua wa kubeba roli za waya, chini ya kijana aliyetoka VETA ambaye akipanda ngazi miguu inamtetemeka. Nilimcheka mwezi mzima. Kazi ilipowazidi wakaniachia chumba kimoja nivute nyaya.

Ikafika siku ya kupima. Kijana akatoa mega, kile kipimo cha kuonyesha kama ngozi ya waya ni nzima, akazima swichi kubwa, anapima saketi moja moja na kuandika. Moja ikasoma chini kabisa, maana yake ngozi ina tatizo. Ilikuwa ya chumba changu! Kondiuti nilikuwa nimeikata kwa msumeno bila kusugua kingo, waya ulipoburuzwa ukachunika ngozi. Kwa macho huoni kitu, na taa ingewaka vizuri tu. Miaka minne yote sikuwahi kuiona mega. Kwetu kupima ni kubonyeza swichi, ikiwaka mmemaliza.

Baadaye nikaenda VETA kwa ule utaratibu wa kutambua ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini. Msidhani vyeti vinagawiwa kama karanga. Wanakukagua kwa mikono na kwa maswali, pengo lako wanalifundisha kwanza. Langu mnalijua.

Kwa hiyo dogo aende chuo, ila usimkate kwa fundi. Likizo zote awe juu ya dari na huyo jamaa, asije akatetemeka ngazini kama yule bosi wangu.

Halafu jambo dogo. TANESCO wanataka fomu ya wayaringi yenye mhuri wa mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji. Huyo fundi wako muulize, kwa upole, mhuri anaazima kwa nani.

Dada wa Cheche:
Mimi nimesoma uchomeleaji VETA, bweni. Ada haikunitisha, kutwa ilikuwa 60,000 na bweni 120,000 kwa mwaka. Kilichomtoa jasho baba ni oveoli, buti, vifaa na nauli ya kwenda mafunzo kazini.

Angalia na kalenda. Fomu kwa kawaida zinatoka Agosti mpaka Oktoba, masomo yanaanza Januari. Ukisubiri matokeo ya kidato cha nne, basi limeshaondoka. Waulize kozi fupi.

Na samahani kaka yangu, umeandika mama anataka, wewe unafikiria, fundi kasema. Mwenyewe je? Mimi kaka alinichagulia ushonaji. Miezi mitatu nimekaa na cherehani dirishani, macho yote kwenye cheche za karakana ya pili. Sare zangu za mazoezi zilikuwa na mkono mmoja mrefu kuliko mwingine.

Mwenye Duka Buzuruga:
Dada, hapo umenishika pabaya. Nimemuuliza jana usiku wakati tunafunga duka. Kanijibu bila hata kuniangalia: majokofu.

Kumbe friji la mama la kuuzia barafu, lile lililokufa mwezi wa kumi na moja, kalifufua yeye. Fundi alishatuambia kompresa imekufa, tutafute friji jingine. Dogo kanunua rilei, kile kidude cha kuwashia kompresa, kabadilisha, likavuma. Mimi nilijua ni maombi ya mama.

Kesho asubuhi naenda Nyakato kuuliza kama fani hiyo ipo na kama kuna kozi fupi. Ikishindikana, mpaka Agosti atakaa kwa jamaa mmoja anayetengeneza mafriji karibu na stendi. Fundi Plaizi, lile swali la mhuri nimeuliza. Kabadilisha mada, akaniomba soda.

Mama bado hajaambiwa.