Matofali ya moto yanapasuka tanurini, kosa liko wapi?

FundiJomvu
Salaam aleikum wakuu. Niko kwenye karakana ndogo huku Jomvu, twachoma matofali ya kuhimili moto kwa waoka mikate na wayeyushaji aluminiamu. Tangu masika yaanze, kila matofali 10 twapoteza 3 au 4. Ufa unapita katikati, mengine yanatoka vipande viwili. Twapandisha joto hadi nyuzi 1,300 za Selsiasi na geji haioneshi kasoro. Udongo ni ule ule. Bosi asema ni uzembe wa wachomaji. Nisaidieni, hasa mhandisi aliyewahi kusimamia tanuri.

Mhandisi wa Zamu
Waaleikum salaam fundi. Nimesimamia matanuri miaka 19. Kabla hamjalaumiana, chukua tofali lililopasuka upitishe kidole kwenye ukingo wa ufa. Ukingo ukiwa mkali wa kukata, lilipasuka moto ukishuka. Ukiwa umelainika na ufa umefumbuka, lilipasuka moto ukipanda, likaendelea kuiva na jeraha lake.

Kupanda, mshuku maji. Hewa yetu ya pwani wakati wa masika haikaushi kitu: juu tofali ni kavu, moyoni bichi. Ukivuka nyuzi 100 kwa pupa, maji yanageuka mvuke unaotaka nafasi zaidi ya mara 1,600. Lipime tofali kwa mizani leo, ulipime kesho. Kama uzito bado wapungua, lisiingie tanurini.

Kushuka, jihadhari na nyuzi 573. Hapo chembe za kwatzi (madini magumu ya mchanga) zilizobaki kwenye udongo hujikunja kwa ghafla. Nje ikiwa imefika 573 na ndani bado 650, ngozi yavuta na moyo wakataa. Niliwahi kukubali kufungua mlango kwenye 600 kwa sababu mteja alikuwa amekaa getini na lori. Nilisimama pale nikisikia ta, ta, ta, kazi ya siku tatu ikiisha masikioni mwangu. Bado naisikia.

Na hiyo geji yasoma hewa iliyo karibu nayo, moyo wa tofali haiujui. Ikiwa themokapo yenu (ile nyaya ya kupimia joto) ni aina ya K, 1,300 imeshapita kiwango chake cha kutumika kwa muda mrefu. Wekeni koni ndogo za udongo wa kupimia moto katikati ya matofali, zile alizozibuni Mjerumani Seger mwaka 1886. Koni huinama kwa joto na muda pamoja, kama tofali lenyewe linavyoiva.

BintiMikindani
Mimi nafinyanga vyungu, lakini maji ni yale yale. Msipange matofali mabichi yakigusana wala kuyalaza kwenye saruji. Yainueni juu ya mbao, pepo zipite chini, na kila siku myageuze.

FundiJomvu
Shukran sana. Nimekagua 14: 11 yana ukingo mkali, 3 umelainika. Mlango huwa twaufungua asubuhi, geji ikisoma 400 hivi. Usiku feni yapuliza.

Mhandisi wa Zamu
Feni hiyo izime, fundi. Kutoka 650 hadi 500 mimi sizidishi nyuzi 20 kwa saa, hata zamu ikinikuta usingizini naamshwa. Na 400 bado mapema. Kwa moto wa 1,300 sehemu ya silika (kwatzi ni umbo lake mojawapo) hugeuka umbo jingine liitwalo kristobaliti, nalo hujikunja karibu na 220. Mlango ufunguliwe chini ya 150. Yale 3 ni ya ukaushaji, mfuate dada hapo juu. Bosi umwoneshe hizo kingo kwa mkono wake, azipapase mwenyewe.