Mti wa Krismasi wenye umeme kwenye vyuma vyake: ni katikati ya Februari na bado umesimama. Nani atauondoa?

Waungwana, salamu kwenu nyote.

Nimestahimili tangu Desemba nikidhani hasira zitapoa, lakini jana nilipita tena kwenye ule mzunguko wa barabara wa kisiwani Mombasa, ambao sitautaja kwa kuwa kila anayeupita kwa matatu ataujua, nikaukuta mti wa Krismasi bado umesimama, umeinama upande wa baharini, majani yake ya plastiki yamepauka kama mkeka uliosahauliwa juani, na kamba moja ya taa inaning'inia usawa wa kichwa cha mtoto wa chekechea. Nimenyamaza vya kutosha.

Mimi ni Mwislamu, na ni fundi wa umeme niliyestaafu baada ya miaka 34 ya kazi. Wale ambao tayari wameanza kuandika kwamba Krismasi hainihusu naomba wangoje kidogo. Krismasi haikuja Mombasa juzi kwa treni. Ngome ya Yesu ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593, na ndani yake mlikuwa na kanisa. Nyumbani kwetu, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta huleta sahani kila Desemba 25, nasi humpelekea yake siku ya Idd, na sikumbuki mwaka ambao sahani hizo hazikuvuka. Sina ugomvi na sikukuu ya mtu yeyote. Nina ugomvi na waliopewa kazi ya kuipamba.

Tarehe 26 Desemba, baada ya magharibi, niliwapeleka wajukuu wangu wawili kuangalia taa. Mchana kulikuwa kumenyesha, mvua ya kumalizia vuli, na chini ya mti palikuwa na dimbwi ambalo watoto walikuwa wakilikanyaga na viatu vyao vipya. Mpiga picha mmoja, kati ya wale wanaozunguka na kamera shingoni na printa ndogo ndani ya begi, alikuwa akiwapanga watu upande mmoja tu, kwa sababu upande wa pili taa zilikuwa zimekufa tangu usiku wa mkesha. Aliniambia hivyo mwenyewe bila kupepesa, kama muuza samaki anayekugeuzia ule upande ambao haujaharibika.

Ndipo nilipomwona mvulana wa miaka sita hivi akiegemea chuma cha mti ili apigwe picha. Aliruka nyuma, akacheka, akarudi kukigusa tena. Mama yake alidhani anacheza. Fundi yeyote wa umeme anakijua kicheko kile. Nilitoa testa mfukoni, ile bisibisi ya kupimia umeme ambayo sijawahi kuiacha nyumbani hata baada ya kustaafu, nikaigusisha kwenye nondo, nayo ikawaka. Wenzangu wa fani watasema kwamba testa huweza kudanganya, kwamba taa yake huwaka hata kwa umeme kidogo wa kupotea usio na madhara. Nalijua hilo, na ndiyo sababu nilijaribu mahali patatu. Haikuwa ikidanganya.

Nikamwendea mlinzi aliyekuwa ameketi kando na rungu lake, nikamweleza kwamba mti mzima una umeme na kwamba watu wamesimama majini. Jibu lake ninalo kichwani hadi leo: "Mzee wangu, mimi hapa nimewekwa kuangalia taa zisiibwe." Simlaumu, maana alisema kweli, hiyo ndiyo kazi aliyopewa, na hakuna aliyefikiri kuajiri mtu wa kuangalia watoto wasife. Nikaenda mwenyewe kwenye sanduku la swichi. Lilikuwa limefungwa kwenye nguzo kwa waya wa kufungia nondo, halina kufuli, mlango wake wazi, na kila mpita njia angeweza kutia mkono ndani. Nikateremsha swichi kuu.

Nilizomewa, ndugu zangu. Watu walioletwa na matatu kutoka Changamwe na Mikindani, waliokuwa wamepanga foleni ya picha, walinizomea mimi, na sauti moja ikasema wazi kwamba mzee huyu wa kofia hapendi Krismasi. Nilijaribu kueleza lakini nani anamsikiliza mtu aliyezima taa? Mjukuu wangu mdogo aliniuliza njia nzima ndani ya tuktuk, "Babu, kwa nini wanatuzomea?" Yule mvulana na mama yake walikuwa wameshaondoka, na naamini mama huyo hadi leo hajui.

Nilirudi asubuhi ya pili. Taa zilikuwa zimewashwa tena, mchana kweupe, na mahali palipokuwa pakivuja umeme palikuwa pamefungwa kwa mfuko wa nailoni wa rangi ya samawati, mifuko ambayo imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017. Nakiri kwamba katikati ya hasira nilisimama nikajiuliza waliupata wapi.

Sasa nieleze kosa lenyewe, kwa sababu sitaki kuambiwa kwamba nalalamika bila hoja. Taa zilizotumika ni za ndani ya nyumba, zile za kuzungushia dirisha, ambazo waya wake ni mwembamba na maungio yake hayana ulinzi wowote dhidi ya maji. Ziliunganishwa moja kwa moja na umeme wa volti 240, zikazungushwa kwenye pia, yaani umbo la koni, ya nondo zilizochomelewa zikabaki na ncha kali, na kila upepo ulipoutikisa mti, nondo zilikuwa zikikwaruza waya kama kisu kinavyoparua magamba. Ulikuwa msimu wa kaskazi, na mji huu wote unajua jinsi kaskazi inavyovuma. Nondo hazikuwa na waya wa ethi wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, na ndani ya lile sanduku hamkuwa na kile kifaa cha kukata umeme pindi miliampia 30 zinapopotea njia, kifaa ambacho kinauzwa katika maduka ya vifaa vya umeme ya mji huu na ambacho kijana aliyemaliza mafunzo ya ufundi mwaka jana anakijua. Njia rahisi zaidi ilikuwa kuweka transfoma ya kushusha umeme hadi volti 24, mti ukawaka vilevile, na mtoto akaushika apendavyo. Si ujuzi uliokosekana hapa.

Haya, tuje kwenye miarubaini. Mapambo hayakuishia kwenye mzunguko. Nyota za bati na kamba za taa zilitandazwa barabara nzima, na badala ya kufungwa kwenye nguzo zilipigiliwa kwenye miti hai ya kivuli. Nilihesabu misumari 17 ya inchi nne kwenye mwarubaini mmoja, mwarubaini ambao chini yake muuza kahawa ameketi tangu nikiwa kijana. Kila msumari ni mlango wa kuvu na wadudu. Kilicho kibaya zaidi ni waya uliozungushwa shina na kukazwa kwa koleo, kwa sababu njia ya chakula cha mti hupita papo hapo chini ya gamba, na waya usipolegezwa mti unaponenepa hunyongwa polepole hadi ukauke kuanzia juu. Nyota zimeshaanguka au kuibwa. Waya na misumari imebaki. Muuza kahawa ameshang'oa mitatu kwa meno ya nyundo yake mwenyewe, na mingine anasema haifikii.

Kuhusu muziki uliopigwa hadi saa nane za usiku sitasema mengi. Na kuhusu theluji ya kupuliza, nyeupe, iliyomwagwa juu ya mti katika mji wenye joto la nyuzi 30 na zaidi mwezi wa Desemba, nawaachia nyinyi. Mvua ya kwanza iliiteremsha yote lamini, ikawa uji.

Najua kuna atakayesema kwamba mambo haya hutokea hata Ulaya. Ni kweli. Mwaka 2017 mji wa Roma uliletewa mti uliokuwa umekauka kabla ya Krismasi kufika, wakazi wakaupa jina la dhihaka, Spelacchio, yaani kama kusema kipara, na wakubwa wa mji wakalazimika kusimama mbele ya watu na kueleza fedha zilizotumika. London nayo hupokea mti kutoka Oslo kila mwaka tangu 1947, shukrani ya Wanorwe kwa msaada wa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na mwaka 2021 watu waliucheka kwa jinsi ulivyokuwa mwembamba. Lakini ikifika Januari 6, siku ya Epifania inayofunga msimu wa Krismasi, mti huo huwa umeshaondoshwa uwanjani na kusagwa kuwa mbolea ya bustani. Huko mti ukiwa mbaya huchelewi kuuona ukiondoka. Wetu umeshapita Epifania, na kwa mwendo huu utaikuta Pasaka.

Tarehe 8 Januari niliandika barua kwenye ofisi inayohusika nikiomba mambo matatu: jina la mkandarasi, nakala ya mkataba, na cheti cha ukaguzi wa umeme uliofanywa kabla ya taa kuwashwa. Sikuomba hisani. Kifungu cha 35 cha Katiba kinanipa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 inaipa ofisi siku 21 za kujibu. Siku hizo zimekwisha. Nilipokwenda kuuliza, kijana wa mapokezi, mwenye adabu zake, aliniambia barua iko mezani kwa mkubwa na mkubwa yuko semina. Mara ya pili mkubwa alikuwa bado semina.

Lingine linalonichoma ni kwamba ukanda wetu una mti wake. Jirani yangu niliyemtaja hukata tawi la mvinje, akalisimamisha ndani ya debe la mchanga, akalipamba kwa karatasi za rangi, na ukiingia sebuleni kwake unasikia harufu ya mti, si ya plastiki. Mvinje hauogopi chumvi wala upepo. Rene Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alipoanza mwaka 1971 kurudisha uhai kwenye machimbo ya mawe ya saruji kule Bamburi, mahali palipokuwa pakavu kama sakafu, mvinje ulikuwa miongoni mwa miti michache iliyokubali kushika, na leo pale ni msitu. Mche mmoja wa mvinje ukipandwa kwenye ule mzunguko mwezi huu wa pili ukamwagiwa maji hadi masika yaingie, Desemba chache zijazo utakuwa mrefu kuliko ile pia ya nondo, hautahitaji mkandarasi wala mlinzi wa rungu, na hata ukikosa taa utakuwa mti. Yale mapembe ya aluminiamu ya pale Mapembeni, yanayopinda juu ya Barabara ya Moi, yamesimama tangu miaka ya 1950 kwa sababu aliyeyatengeneza alichagua madini yasiyoliwa na kutu. Hawa wetu hawakupaka nondo zao hata rangi.

Kwa hiyo nawaomba mambo mawili. Aliyepiga picha ya lile sanduku la swichi likiwa wazi, au ya ule mfuko wa samawati, aiweke hapa pamoja na tarehe, kwa sababu simu yangu usiku ule ilikuwa imeishiwa chaji. Na wazazi mnaopita pale kwa miguu, pitisheni watoto upande wa pili wa barabara hadi nihakikishe umeme umekatwa. Jana testa ilikuwa bado inawaka. Alhamisi saa tatu asubuhi nitakuwa tena kwenye ile ofisi na nakala ya pili ya barua, na atakayependa kufuatana nami anikute nje, kwenye kivuli.